Tunakunywa Lebo, Mvinyo Tunauacha Shambani

Wacha niseme hii kitu mapema ndio tusipotezeane muda: wengi wetu tunaodai tunapenda waini hatunywi waini. Tunakunywa lebo. Tunakunywa jina la Kifaransa ambalo ulimi umekataa kulitamka. Tunakunywa picha ya kasri iliyochorwa kwenye karatasi. Tunakunywa bei. Kisha tunapiga picha, glasi imeshikwa vizuri, tunaandika maneno ya maisha mazuri, na ukituuliza hiyo zabibu imetoka shamba gani, ni nani aliichuma na alilipwa ngapi, tunageuza mada.

Sina ugomvi na mtu anayekula jasho lake. Pesa ni yako, jibambe. Lakini kwa miaka kadhaa sasa, kila nikipata likizo na nauli, mimi hupanda basi nikaenda mahali ambapo kinywaji kinatoka. Si Ulaya, visa ya Ulaya hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Nimezunguka huku kwetu na jirani zetu. Na leo nikikutajia vinywaji vitano ninavyovipenda kuliko vyote, vinne ni vya ardhi ya Afrika na vinapatikana kwa chupa, na cha tano hata chupa hakijui. Hoja yangu ni moja: mvinyo ni kilimo kabla ya kuwa starehe. Ukiusahau mkulima, unakunywa maji ya rangi yenye bei kubwa.

Kama hujafika miaka 18, hii si yako, enda kasome. Kama dini yako, afya yako au moyo wako umekataa pombe, karibu ukae, kwa sababu haya ni mambo ya shamba na soko kuliko ya glasi.

Halafu tuelewane kuhusu jina. Mtaani tunasema waini, Kiingereza tulichokivalisha shati ya Kiswahili. Darasani tulifundishwa mvinyo, neno lililotoka kwa Wareno na vinho yao. Kanisani, na Tanzania karibu nzima, utasikia divai, ambayo ni du vin ya Wafaransa. Yaani majina yote matatu yalishuka melini. Neno la hapa kwetu ni tembo, na hilo ukilitaja kwenye mkahawa wa Westlands watadhani unapanga kwenda mbugani. Hapo tu ushaona shida ilikoanzia.

Naivasha: jirani tusiyemsalimia

Tuanzie nyumbani. Ukisema Naivasha, mtu anafikiria maua, samaki, mashindano ya magari na wikendi ya kutoroka jiji. Mizabibu je? Iko. Upande wa Morendat kuna shamba ambalo limetoa mvinyo kwa jina la Leleshwa. Leleshwa ni kile kichaka chenye majani ya rangi ya fedha na harufu kali, kilichojaa Bonde la Ufa. Kama umewahi kusimama kando ya barabara ya Narok mvua ikiwa imetoka kunyesha, hiyo harufu unaijua hata kama jina hulijui.

Hapa kuna somo la kilimo ambalo linafaa tulijue. Mzabibu umezoea nchi zenye majira ya baridi. Huko unapukutisha majani, unalala, kisha unaamka na kuzaa mara moja kwa mwaka. Karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza. Kwa hivyo mkulima ndiye anayeushika mkono: anaupogoa, na ule upogoaji ndio unauamsha uchipue upya. Naivasha ina faida nyingine. Iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ukiwahi kulala huko bila sweta unajua usiku wake. Baridi ya usiku inaifanya zabibu ibaki na uchachu wake badala ya kuwa sukari tupu.

Ile nyeupe yao ya zabibu aina ya Sauvignon Blanc ndiyo niliyoipenda. Ina harufu ya nyasi iliyokatwa asubuhi, inakuja na ndimu, na mwishoni unapata pera ambalo halijaiva sawasawa. Kwa samaki wa kukaanga na ugali, inakaa fiti kabisa.

Sasa sikiza. Niliiulizia kwenye mkahawa mmoja hapa Nairobi, jina nahifadhi. Mhudumu aliinama, akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri ya familia: "Hiyo hatuweki. Wateja wetu ni wa hali ya juu." Naivasha na Nairobi ni safari ya saa moja na nusu msongamano ukiwa mpole. Mboga zinafika hapo mkahawani, samaki wanafika, maua ya mezani yanafika. Ni zabibu peke yake inayokwama Limuru ikisubiri kuwa ya hali ya juu.

Dodoma: "Kwani sisi tuko mbali?"

Kutoka Nairobi unapita Namanga, Arusha, Babati na Kondoa, kisha unashuka Dodoma, na ni lami mpaka mwisho. Kama uko Dar, treni ya umeme inafika Dodoma tangu 2024. Dodoma ni nchi ya Wagogo. Ukifika, salamu ni "mbukwa," na ukiijua hiyo moja tu umeshapata rafiki. Ni nchi kavu, vumbi jekundu, mibuyu imesimama kama wazee wa baraza. Mvua ni ya msimu mmoja tu, na msimu wenyewe mfupi.

Ukame huo unaotesa mahindi ndio unaoipendeza zabibu. Wamisionari wa Kikatoliki, ambao walihitaji divai ya misa, walipanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, na kutoka hapo kilimo kikasambaa vijijini. Leo ukienda Hombolo, Mpunguzi, Mbabala au Mvumi unakuta wakulima wadogo wenye ekari moja, mbili. Na wanavuna mara mbili kwa mwaka. Jamani, mara mbili! Huko Ulaya mkulima anaomba Mungu kwa mavuno moja. Ila mavuno ya wakati wa mvua huja na ugonjwa wa ukungu, ule wanaouita ubwiri unga. Yale ya kiangazi ndiyo hutoa zabibu safi zaidi, ndogo na tamu.

Zabibu yao kubwa ya mvinyo mwekundu inaitwa Makutupora, jina la mahali palepale Dodoma ambapo kuna kituo cha utafiti wa zao hilo. Rangi yake imekolea kama zambarau. Ukinywa ile isiyo na sukari, unapata uchachu wa ukwaju, halafu ukavu fulani unaobana ulimi kama ganda la ndizi mbichi. Si mvinyo wa kubembeleza. Unataka nyama pembeni, mbuzi wa kuchoma akiwa na mafuta yake. Kama unapenda tamu, kuna Dompo, nzito na kali, ya kunywa kidogo kidogo baada ya chakula. Ukiinywa kama soda itakulaza sebuleni kwa watu.

Nilichokwenda nacho nyumbani kutoka Dodoma si ladha peke yake. Hombolo nilimwamkia mama mmoja mwenye ekari moja na nusu. Baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza, "Mwanangu, huko Kenya hamnywi divai?"

"Tunakunywa, mama. Sana."

"Ya wapi?"

Nikamtajia: Afrika Kusini, Ufaransa, Italia, Chile.

Alinyamaza akiendelea kutoa majani yaliyokauka. Kisha akasema, "Kwani sisi tuko mbali?"

Hebu mjibuni nyinyi, mimi nilikosa la kusema. Nairobi hadi Dodoma ni kama kilomita 700. Chile ni zaidi ya kilomita 10,000 na bahari mbili. Sisi na Tanzania tuko kwenye soko la pamoja la Afrika Mashariki tangu 2010. Lakini nenda supamaketi yoyote ya mtaa wenu, tembea ule mstari wa waini kutoka mwanzo hadi mwisho, uhesabu ngapi zinatoka Dodoma. Utatumia vidole vichache, kama utavitumia.

Na hapa ndipo uchungu ulipo. Zabibu haisubiri. Mahindi unaweza kuyaweka gunia ukangoja bei ipande. Zabibu ikiiva ni siku chache, mnunuzi asipokuja inaoza ukiitazama. Malalamiko ya wakulima wa Dodoma kuhusu soko si ya jana. Wengine wameanza kuikamua wenyewe na kuhifadhi kile wanachokiita mchuzi wa zabibu, ndio angalau wasiuze kwa bei ya kutupa. Serikali yao imejaribu kuwabeba kwa ushuru: divai ambayo zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za ndani imekuwa ikitozwa kidogo sana kuliko ile ya zabibu za kuagiza. Hiyo ni akili. Lakini ushuru hauwezi kumlazimisha Mkenya kuipenda chupa ya jirani. Hiyo ni kazi yangu na yako.

Ziway: bonde letu, chupa yao

Bonde la Ufa haliishii Turkana. Ukivuka Moyale ukaendelea kaskazini, ukaipita Hawassa, unafika Ziway, mji ambao pia unaitwa Batu, kando ya ziwa, kama kilomita 160 kusini ya Addis Ababa. Ardhi ya kichanga, jua la kutosha, ziwa karibu, maua yanalimwa kwa nyumba za plastiki. Ukifumbua macho ghafla unaweza kuapa uko Naivasha.

Hapo kampuni ya Kifaransa ya Castel ilipanda mizabibu, na chupa za kwanza zikatoka 2014. Shamba limezungushiwa mtaro ili wanyama kama viboko na fisi wasiingie kujihudumia. Wafaransa wa Bordeaux hawana hiyo shida, naamini.

Niliipenda nyekundu yao ya Syrah. Ina pilipili manga, ina kitu kama moshi wa kuni, na ukiila na tibs na injera, ile berbere ya chakula na pilipili ya mvinyo zinasalimiana kama ndugu waliopotezana. Na Waethiopia hawakuanza kunywa vizuri siku Mfaransa alipofika. Wana tej, mvinyo wa asali unaochachushwa na gesho, unaonywewa kwenye chupa ya kioo yenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba, wanaiita berele. Tej inauzwa mahali penye heshima, na wageni wanaletewa kama fahari ya nchi. Haijifichi vichochoroni ikitoroka askari.

Lakini unajua chupa mojawapo ya Ziway inaitwaje? Rift Valley. Ndiyo, Bonde la Ufa. Jina ambalo sisi tumelifanya mkoa, tumelifanya siasa, tumelifanya vita, wenzetu wamelibandika kwenye chupa wanauza nje. Sina wivu. Sawa, niko na wivu kidogo.

Stellenbosch: uzuri wenye deni

Kufikia hapa kuna mtu ashaanza kusema: "Wewe unapinga Afrika Kusini kwa sababu imetushinda." Hapana. Stellenbosch, kama kilomita 50 kutoka Cape Town, ni mahali pazuri mpaka unajiuliza kama palipakwa rangi. Milima nyuma, mizabibu mbele, nyumba nyeupe katikati. Wanatengeneza mvinyo tangu 1659, wakati Waholanzi walipokamua zabibu zao za kwanza pale Cape. Wana haki ya kuujua.

Na niko na wapenzi wawili huko. Wa kwanza ni Chenin Blanc, ambao wao waliuita Steen kwa miaka mingi. Unanukia nanasi na papai lililoiva, na asali kwa mbali. Wa pili ni Pinotage, zabibu yao wenyewe kabisa, iliyozaliwa 1925 wakati Profesa Abraham Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut. Ikiwa changa, Pinotage hunukia ndizi mbivu, si utani, na nyingine hunukia moshi. Kwa Mkenya aliyekulia kwenye nyama choma, huu ndio mvinyo mwekundu wa kuanzia.

Ila uzuri huo una deni. Kwa vizazi, wafanyakazi wa mashamba yale walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Mfumo huo unaitwa dop. Mtu anapewa kikombe asubuhi, mchana, jioni, anarudi nyumbani amelewa na mkono mtupu. Sheria iliupiga marufuku miaka ya 1960 lakini uliendelea kichinichini kwa muda mrefu, na makovu bado yako. Sehemu za mkoa ule zina visa vya watoto waliozaliwa wameathiriwa na pombe vingi kuliko karibu popote duniani. Kwa hivyo mtu akikuambia kule kwao pombe ni ustaarabu na huku kwetu ni ulevi, mwambie atembee nyuma ya zile nyumba nyeupe.

Kinachonipa moyo ni watu wanaolipindua hilo jedwali. Ntsiki Biyela alikulia kijijini Mahlabathini, KwaZulu-Natal, akapata ufadhili wa kusomea utengenezaji wa mvinyo Stellenbosch, na akawa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini humo kuifanya kazi hiyo. Kampuni yake aliyoianza 2016 inaitwa Aslina, jina la nyanya yake. Tinashe Nyamudoka alitoka Zimbabwe kutafuta riziki, akajifunza kazi kwenye mikahawa ya Cape Town, na leo mvinyo wake unaitwa Kumusha. Kwa Kishona ni nyumbani. Mwaka 2017 yeye na Wazimbabwe wenzake watatu walienda Ufaransa kushindana kuonja mvinyo wakiwa hawaoni lebo. Nadhani mnaelewa kwa nini hiyo sentensi inanifurahisha.

Kwa hivyo mimi sikatai chupa ya Afrika Kusini. Nauliza tu: ya nani?

Kilifi: cha tano hakina chupa

Sasa turudi nyumbani, tushuke Pwani, kwa kinywaji ambacho kitafanya wataalamu wa waini wanikimbie.

Mgema anapanda mnazi alfajiri na jioni. Anachonga karara, lile ua la mnazi kabla halijafunguka, anafunga chombo, anaacha utomvu udondoke. Hakuna hamira inayotiwa. Vijidudu vya hewani vinaanza kazi palepale juu ya mti. Asubuhi unashuka ukiwa mtamu, mweupe kama maji ya mchele. Kufikia mchana umechangamka. Jioni ni mkali. Kesho yake unaelekea kuwa siki. Yaani kwa saa 24 kinywaji kimoja kimeishi maisha yote ambayo mvinyo wa Bordeaux unayaishi kwa miaka 20.

Ukikaa mangweni Kilifi, chini ya makuti, na mboko wako na mrija wako, unakunywa kitu ambacho kimetoka mita chache juu ya kichwa chako. Huko Ulaya siku hizi kuna mtindo wa mvinyo asilia: haujachujwa, haujaongezwa hamira, una ukungu ndani, una harufu kidogo ya ajabu. Watu wanaulipia pesa ndefu na wanausifia kwa mashairi. Mzee mmoja mgema nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu," akasema, "hao wamegundua mnazi, wameukosa mti tu."

Na bado mgema huyo anaishi akitazama barabara. Misako ya mnazi huja na kuondoka. Leo anaachwa, kesho jerikani zinamwagwa mchangani huku ada ya shule ikitiririka nayo. Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuza. Pombe haramu imetuua. Kirinyaga, Februari 2024, zaidi ya watu 10 walizikwa baada ya kunywa kitu cha sumu. Kuna vijana wanaopotea kila siku na mama zao wana haki ya kupiga kelele. Lakini sumu ile si mnazi. Sheria ya vileo ya 2010 iliifuta ile ya zamani ya kuharamisha chang'aa na kufungua mlango wa leseni na viwango. Basi tuufungue huo mlango kwa mgema pia. Mpe leseni anayoweza kuimudu, mkague usafi wake, muwekee saa za kuuza, mtoze ushuru wa haki. Kinachonikera ni kwamba glasi ya Italia kwa hoteli ya ufuoni ni utalii, na mboko wa mnazi hatua mia moja nyuma ya hoteli hiyohiyo unatendewa kama kosa la jinai.

Tuonje kwa ulimi wetu

Kuna jambo lingine. Sisi wenye simu na kamera tumekariri maneno ya watu. Unapata msee wa Embakasi anasema mvinyo una "ladha ya kariba nyeusi ya Ulaya na ngozi ya farasi." Wewe, hiyo ngozi ya farasi uliilamba wapi?

Tuko na maktaba nzima ya ladha. Zambarau. Ukwaju. Ubuyu. Kunazi. Stafeli. Bungo. Fenesi lililoiva mpaka nyumba nzima inajua. Maziwa lala. Moshi wa mkaa. Udongo wa mvua ya kwanza. Mtu akiniambia divai fulani ni kama maji ya ukwaju yaliyolala na mdalasini, nimeielewa kabla sijaionja. Na mkulima wa Hombolo naye ataelewa. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanaanza, kati ya anayelima na anayekunywa.

Tukiwa hapo, ile sheria ya kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba iliandikwa na watu ambao chumba chao kina nyuzi 17. Chumba chako cha Mombasa kina 30. Weka kwa friji dakika 20 kisha unywe. Hakuna mtu atakushtaki.

Sasa, uzalendo hauisafishi divai mbaya. Kuna chupa za huku kwetu ambazo ni sukari, rangi na maumivu ya kichwa. Hizo tuziseme wazi kuwa mbaya, ndio mtengenezaji ajirekebishe. Kumpenda jirani si kumdanganya. Na wahenga walituonya: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sawa, tusimsifie kupita kiasi. Lakini huyu wetu hajawahi kusifiwa hata mara moja, na tembo lake bado halina maji.

Kwa hivyo ninachokuomba ni kidogo. Ukienda supamaketi, uliza kwa sauti: "Ya Dodoma iko? Ya Naivasha iko?" Uliza hata kama unajua jibu, kwa sababu meneja huagiza kile anachoulizwa. Ukipanga likizo, acha kufikiria kwamba safari ya mvinyo ni lazima ipite uwanja wa ndege. Kuna basi la Namanga. Ukiwa na mkahawa, weka chupa mbili za kanda hii kwenye menyu, na umfundishe mhudumu wako azitaje bila kuinama. Na kama wewe ni mbunge wa kaunti huko Pwani, mgema anakupigia kura, siku moja mpigie kura yeye.

Yule mama wa Hombolo aliuliza swali, na mpaka sasa jibu letu la kweli liko kwenye rafu za maduka yetu. Tunaweza kulibadilisha, chupa moja moja.